Vakyumu ya chaji ya gari na makochi: ipi inafaa kwa vumbi letu la Uganda

Vumbi letu hapa Uganda sio lile la kwenye video za matangazo. Kwenye video mtu anamwaga mchele juu ya siti safi halafu mashine inalamba yote kwa sekunde mbili na wewe unasema eeh, hii ndio yenyewe. Sasa chukua gari iliyotoka Moroto, au hata ile inayozunguka tu njia za ndani za marramu huko Wakiso, vumbi lake ni jekundu, laini kama poda, limeshuka mpaka chini ya nyuzi za kapeti na limekaa, na juu yake kuna mchanga, maganda ya karanga, nywele, na vipande vya rolex, ile chapati ya kuviringa na mayai, alivyoangusha mtoto wiki iliyopita. Kazi ni hiyo. Ulinganisho huu nitaupimia hapo, kwenye gari la kawaida la watu, Premio, Wish, Noah, na kwenye makochi ya kitambaa nyumbani, maana wengi wanataka mashine moja ifanye zote mbili.

Kazi yangu ni kusafisha ndani ya magari na makochi majumbani hapa Kampala, kwa hiyo hizi mashine nazishika sana na naona zinavyoishi na zinavyokufa.

Zilizoko sokoni nazigawa makundi manne. Kuna zile ndogo za USB, saizi ya chupa ya soda, zimejaa Jumia na kwenye maduka ya vifaa vya simu mjini, nyingi hazina jina la kueleweka. Kuna za waya za kuchomeka kwenye tundu la laita ya sigara, hizo sio za chaji lakini naziweka hapa makusudi kwa sababu watu wanazidharau bure. Kuna za mkononi zenye majina, Black+Decker, Bissell, Dyson, zinakuja na betri yake na chaja yake. Halafu kuna zinazotumia betri ya zana, yaani betri ile ile ya drili, Makita, Bosch, DeWalt, Ingco, Total.

Namba zinazodanganya

Kabla hatujalinganisha chochote kuna namba moja lazima tuitoe njiani, nayo ni Pa, yaani paskali, kipimo cha mkandamizo wa hewa. Utaona boksi limeandikwa 9,000Pa, jirani yake 20,000Pa, halafu kuna nyingine ya bei ya chini kuliko zote imeandikwa 120,000Pa, na mteja anabeba hiyo kwa sababu namba kubwa bei ndogo. Ndugu yangu, sikiliza. Vakyumu inapunguza hewa ndani yake, halafu hewa ya nje ndio inasukuma uchafu uingie, kwa hiyo haiwezi hata siku moja kuzidi mkandamizo wa hewa ya nje. Pale Mombasa usawa wa bahari hewa inakandamiza kama Pa 101,000. Kampala tuko juu kama mita 1,200, hewa imepungua, tuko kwenye Pa 88,000 hivi, na Kabale kule milimani ni chini zaidi. Maana yake hata mashine ingetoa hewa yote ndani ikabaki tupu kabisa, hapa kwetu ingeishia 88,000. Aliyeandika 120,000 hajapima kitu, ameandika tu. Vakyumu kubwa za nyumbani, zile za kuchomeka ukutani, ziko kwenye 20,000 hivi, kwa hiyo kitu cha mkononi kinachoingia kwenye mkoba kikikuambia kinavuta mara sita ya hiyo, umeshajua.

Tena hata Pa ikiwa ya kweli, inapimwa mdomo wa mashine ukiwa umezibwa kabisa, hewa haipiti. Mchanga haubebwi na mdomo uliozibwa, unabebwa na hewa inayotembea. Unahitaji nguvu ya kuvuta na wingi wa hewa kwa pamoja, na kipimo kinachochanganya hivyo viwili ni kile kinachoandikwa AW kwenye boksi, yaani wati za hewa. Dyson V8 kwa mfano wanaandika 115AW. Kampuni inayoandika AW angalau imepima kitu. Lakini AW sio wati za mota, usichanganye. Wati za mota zinakuambia mashine inakula umeme kiasi gani, hazikuambii inafanya kazi kiasi gani.

Na hizo wati za mota unaweza kuzihakiki mwenyewe umesimama dukani na simu yako. Zile ndogo nyingi ndani zina seli mbili, yaani vibetri vya silinda, za aina ya 18650, seli moja ina volti 3.7. Tuseme kila moja inabeba chaji ya mAh 2,000, yaani Ah 2, basi 3.7 mara 2 mara seli mbili ni wati-saa 14.8, huo ndio umeme wote uliomo ndani. Boksi linasema mota ni wati 120. Gawa 14.8 kwa 120, zidisha mara 60, unapata dakika 7 na kidogo. Sasa kama boksi hilo hilo limeandika dakika 30, basi kimojawapo ni uongo, ama wati sio 120 ama dakika sio 30, na mara nyingi uongo uko kwenye wati, mota inazunguka taratibu ndio maana inadumu. Na ukikuta wamesema seli ya 18650 ina mAh 9,900, weka chini uondoke. Seli za kweli za saizi hiyo zinaishia mAh 3,500 hivi.

Kwenye kapeti la gari

Hizi ndogo za USB zina kazi yake na sitaki kuzitukana. Dashibodi, mfuko wa mlango, ule mwanya kati ya siti na handibreki unakoangukia sarafu na makombo, hapo zinafaa, na kwa mtu wa speshali hire anayeshusha abiria mmoja na kupakia mwingine ni vizuri kuwa nayo ndani ya gari. Ni nyepesi, mkono hauchoki. Lakini iweke kwenye kapeti lenye mchanga uone. Inapita juu, inachukua vilivyo juu, unaangalia unaona pamependeza, halafu piga lile kapeti kwa kiganja na utaona mchanga unaruka kutoka chini ya nyuzi kama vile hujagusa kitu. Kikombe chake pia ni kidogo mno, kapeti moja la dereva limejaa, unafungua, unamwaga, unafunga, na kila ukifungua vumbi linakurudia usoni.

Muuzaji hatakuonyesha hivyo. Atachana karatasi vipande vidogo amwage kwenye kaunta. Nilisimama duka moja mjini mama mmoja ananunua, akauliza, "Kaka, hii itavuta kweli?" Kijana akajibu, "Mama, angalia mwenyewe," akapitisha mashine juu ya karatasi zikapotea zote, na mama akaanza kutoa pesa. Karatasi inabebwa na upepo wowote mama yangu, hata ukipuliza inaondoka. Nikamuomba kijana atuwekee mati ya mlangoni kwake, ile iliyokanyagwa na wateja asubuhi nzima, apitishe hapo. Mashine ilinguruma juu ya ile mati, na mati ikabaki ilivyo. Yule mama akarudisha pesa kwenye pochi bila mimi kusema neno.

Sasa hizi za waya wa laita. Watu wanaziona za kizamani kwa sababu zina waya, ila hebu fikiria, betri ya gari ndogo ni kama Ah 45 kwa volti 12, hiyo ni wati-saa 540, ukilinganisha na ile ndogo ya USB yenye wati-saa 14.8 ni mara thelathini na zaidi. Mashine ya wati 120 ukiitumia dakika 20 inakula wati-saa 40, betri nzima ya gari haihisi. Haipungui nguvu katikati ya kazi, haisubiri chaji, na haina betri ya ndani itakayokufa baada ya mwaka mmoja ukaitupa mashine nzima. Kwa mtu mwenye gari moja na hana haja na makochi, kwa bei yake mi naona hii inaishinda ya USB waziwazi, na nashangaa hazizungumzwi.

Ila ina masharti. Angalia waya ni mita ngapi. Noah ina urefu wa kama mita 4.6, tundu la laita liko mbele, na uchafu mwingi uko kwenye buti, kwa hiyo waya wa mita 3 utakuacha siti ya katikati, tafuta wa mita 5. Angalia pia fyuzi ya tundu la laita, magari mengi ina ampea 10 au 15, ya 10 inabeba wati 120 tu, ya 15 inabeba 180, na ukichomeka mashine inayokula zaidi ya hapo fyuzi inakatika na utadhani mashine imekufa kumbe ni fyuzi ya bei ndogo tu. Kama betri ya gari yako imezeeka na asubuhi inawaka kwa shida, washa injini wakati unasafisha, lakini iwe nje kwenye hewa, sio ndani ya gereji iliyofungwa, moshi wa injini unaua watu.

Zenye majina, hapa tunazungumza kitu kingine. Black+Decker ndio waliofanya hizi mashine zijulikane, Dustbuster yao ilitoka mwaka 1979, na mpaka leo umbo lao la mdomo mrefu kikombe mbele ni zuri sana kwa gari, linaingia chini ya siti. Volti nayo uitazame, maana volti inaenda na idadi ya seli ndani, 10.8 ni seli tatu, 14.4 ni seli nne, 18 ni seli tano, na ukiona imeandikwa 20V MAX usidhani ni kubwa kuliko 18, ni seli tano zile zile, wamepima ikiwa imejaa chaji tu. Kwa kapeti la vumbi letu mi sishuki chini ya 14.4. Ya 10.8 inafanya siti na dashibodi vizuri, kapeti inasumbuka.

Dyson inavuta, hakuna ubishi, na ile ya fimbo ukitoa bomba inakuwa ya mkononi, kwa hiyo unapata ya sakafu na ya gari kwa pamoja. V8 wanasema dakika 40, lakini hiyo ni kwa nguvu ya kawaida na bila ile brashi inayozungushwa na mota, ukibonyeza max inashuka mpaka dakika 7 hivi, na kapeti lenye mchanga utabonyeza max tu. Bei yake unaijua. Kabla hujatoa pesa hiyo muulize anayekuuzia betri yake inapatikana wapi hapa nchini siku ikichoka, akuonyeshe, asikuambie tu ataagiza.

Na hapo ndipo zile za betri ya zana zinaponiteka moyo kabisa. Fundi wa mbao wa Nsambya, fundi umeme, fundi wa aluminiamu, wote hao tayari wana drili ya Ingco au Total au Makita na betri mbili na chaja. Huyo ananunua mwili wa mashine peke yake bila betri, bei inashuka sana, na anapata betri ya volti 18 au 20. Fanya hesabu ile ile, volti 18 mara Ah 3 ni wati-saa 54, ya Ah 5 ni 90. Makita DCL180 kwa betri ya Ah 3 inakwenda kama dakika 20, kikombe chake ml 650, ikiisha unachomoa betri unaweka nyingine unaendelea, hakuna kusubiri. Betri ikifa baada ya miaka unanunua betri, hutupi mashine. Mi kwa kazi ya kila siku ndio nayoishika, na hata kwa mtu wa nyumbani mwenye drili sioni kwa nini anunue nyingine.

Kasoro zake nazo zipo. Nzito kidogo, mkono unachoka ukiinama chini ya siti muda mrefu. Nyingi zimetengenezwa kwa fundi kufyonza unga wa mbao kwa hiyo mdomo wa brashi kwa ajili ya kitambaa haumo kwenye boksi, unanunua pembeni. Na kama huna zana yoyote, ukianza kununua mwili, betri na chaja vyote, hesabu inageuka na unaweza kukuta ya jina iliyo kamili ni nafuu. Halafu chunga betri za kuiga, hasa za Makita, zimeenea dunia nzima. Betri ya 18V yenye Ah 5 kwa kawaida ina seli kumi za 18650, safu mbili za tano tano, na kila seli ina gramu kama 45, kwa hiyo seli peke yake ni gramu 450 kabla ya plastiki. Ukiishika ikawa nyepesi, ukaiweka kwenye mzani wa duka jirani ikawa gramu 350, ndani kuna seli tano na stika tu.

Makochi ni habari nyingine

Gari unahangaika na mchanga, kochi unahangaika na nywele, ngozi iliyopukutika, makombo yaliyosagika, na vumbi lililozama kwenye sponji. Hapa nguvu ya kuvuta peke yake haisaidii sana, tena ikizidi mdomo unanasa kitambaa, unavuta mkono kochi zima linakuja. Kinachofanya kazi ni brashi inayozunguka. Sio ile brashi ya nywele iliyobandikwa mdomoni, hapana, brashi ya silinda yenye mota yake au inayozungushwa na upepo, inapiga kitambaa na kuinua uchafu, halafu hewa ndio inabeba. Yenye mota yake ni bora, maana ile ya upepo ukiikandamiza kidogo kwenye velveti inasimama.

Kwa hiyo kama makochi ndio sababu kubwa ya kununua, zile za USB ziondoe kabisa kwenye mawazo, na ya laita kwanza haifiki sebuleni. Bissell wana moja inaitwa Pet Hair Eraser yenye brashi ya mota, wameifanya kwa watu wenye paka na mbwa, na kwa makochi ya kitambaa ni nzuri mno, ila hakikisha ni ya chaji maana ipo pia ya waya. Dyson nayo ina kibrashi kidogo chenye mota. Kwenye za zana tafuta kama kampuni yako wana hicho kibrashi, usikisie. Kochi la watu watatu likifanyiwa vizuri, matakia yametolewa, pande zote mbili, na ule mfereji wa nyuma umepitishwa mdomo mwembamba, dakika 7 hazitoshi, ndio maana narudi kwenye wati-saa kila mara.

Vimiminika usivute kama mashine haijaandikwa ni ya maji na kavu. Soda ikimwagika kwenye siti, kausha na kitambaa, maji yakipita filta yanafika kwenye mota na hapo hakuna waranti. Tope liache likauke, lipige, ndio uvute. Na kama ulibeba mukene, wale dagaa, kwenye buti, vakyumu haitoi harufu, itavuta magamba, halafu kikombe na filta vitanuka na kila ukiiwasha gari zima litanuka upya. Magamba uyatoe kwa brashi ya mkono, buti lioshwe kwa sabuni.

Filta, ndiyo inayoua nyingi

Chukua mashine yoyote katika hizi, pitisha kwenye kapeti mbili za gari la marramu, halafu fungua uangalie filta. Imekuwa nyekundu kote, vumbi limeziba vitundu, na hata kabla ya kufungua ungejua kwa sikio, sauti inapanda inakuwa nyembamba na mkono hausikii tena mvuto mdomoni. Mtu anasema betri imeisha, anaichaji, bado, anasema mashine mbovu. Ni filta. Igonge taratibu kwenye ukingo wa ndoo, inarudi. Kila baada ya kapeti mbili gonga, usisubiri.

Kwa hiyo wakati wa kulinganisha angalia filta ni ya aina gani kuliko kuangalia rangi ya mashine. Ya karatasi iliyokunjwa inashika vumbi laini vizuri lakini ukiiosha nyingine zinaharibika, soma kwanza. Ya kitambaa au ya kuoshwa ni rahisi kutunza ila lazima ikauke kabisa, siku nzima na usiku, ukiirudisha na unyevu vumbi linageuka tope ndani na linanuka. Zenye saikloni, ambazo hewa inazunguka na kutupa uchafu kikombeni kabla ya kufika kwenye filta, ndio zinafaa zaidi kwa vumbi letu, Dyson ziko hivyo, na Makita wanauza kisaikloni cha kuongezea kwenye bomba la mashine zao, nakipenda sana. Neno HEPA, yaani filta ya kushika vumbi laini sana, kwenye zile za bei ya chini mi siliweki maanani. Kama una mtoto mwenye asthma nyumbani, safisha yeye akiwa nje, na kikombe kimwagwe nje.

Umeme na joto

Soketi zetu ni 240V, kwa hiyo geuza chaja usome maandishi madogo. 100-240V uko salama. Vitu vya mtumba kutoka Japani chaja yake inaweza kuwa ya 100V peke yake, za Marekani 120V, na ukichomeka moja kwa moja ukutani inaungua hapo hapo, UEDCL wasambazaji wa umeme hawahusiki. Za USB hapa zina faida kweli, umeme ukikatika unachaji kwa pawabanki au ndani ya gari, na kama uko kijijini na sola ndogo bado inachajika. Za zana kuna watu wanachaji kazini wanarudi na betri imejaa.

Joto ndilo linaloua betri za lithiamu. Gari likiegeshwa juani Gulu au Soroti mchana, dashibodi inaweza kupita nyuzi joto 60, na seli nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45. Usiiache mashine juu ya dashibodi, na ukiitoa kwenye gari la moto acha ipoe kivulini kwanza ndio uchomeke chaja. Kama hutaitumia muda mrefu iache na chaji nusu, sio imejaa na sio imeisha.

Nani achukue ipi

Mwenye betri za zana tayari, nunua mwili wa kampuni hiyo hiyo, usitafute zaidi. Mwenye gari moja, hana drili, makochi yake ni ya ngozi anafuta kwa kitambaa, chukua ya laita yenye waya mrefu. Mwenye makochi ya kitambaa, watoto, na gari pia, na bajeti inaruhusu, chukua yenye jina, volti 14.4 kupanda, yenye brashi ya mota. Dereva wa speshali anayetaka gari lionekane safi kati ya abiria, ya USB inatosha, lakini kapeti aendelee kupeleka woshingi bei, kule wanakoosha magari, wale wana madude makubwa ya pipa na hewa ya kompresa, hakuna cha mkononi kinachofikia hapo. Kama unajiuliza itarudisha pesa yake au la, chukua bei ya mashine gawa kwa kile unacholipa woshingi bei kwa usafi wa ndani peke yake, utaona ni safari ngapi.

Ukifika dukani omba iwashwe mpaka iishe chaji mbele yako huku saa ya simu inahesabu, anayeuza kitu cha kweli hatakataa. Nenda na mati ya gari lako, chafu hivyo hivyo ilivyo, pitisha hapo. Ziba mdomo kwa kiganja, sauti inatakiwa ibadilike, isipobadilika kuna mahali panavuja. Hakikisha risiti ina jina na modeli ya mashine, sio tu neno vakyumu. Halafu omba filta ya akiba na uilipie hapo hapo pamoja na mashine, na kama duka haliuzi filta yake wala halijui itatoka wapi, nenda duka lingine.